Makachero Wanne Niliowashonea Koti

Watu wakishajua kwamba nashona mavazi kwenye jumba la michezo ya kuigiza, swali lao ni lile lile: kati ya makachero wote, nani alikuwa mkali zaidi? Wanasogeza na kiti kabisa. Mimi huwajibu kwamba kwa kiuno, wa pili aliwazidi wenzake inchi tano. Hapo wananiona bibi sina maana, wanageukiana wenyewe kwa wenyewe na kubishana, huyu anasema wa kwanza, yule anasema wa tatu, na mimi naendelea na sindano yangu.

Anayebishaniwa ni Kachero Baridi. Kwa asiyemjua, ni mpelelezi wa kwenye mchezo tu, hajawahi kuzaliwa wala kuugua. Alimtunga karani mmoja wa posta, mtu mpole aliyekuwa akija mazoezini na kukaa kiti cha mwisho karibu na mlango ili asimsumbue mtu. Kila mwaka mchezo unarudishwa jukwaani. Kila mwaka kuna mtu kauawa kwenye nyumba ya tajiri, na Kachero Baridi anaingia na koti lake refu la kijivu, hakasirikii mtu, hakimbii, anauliza vimaswali vidogo vidogo mpaka muuaji anajikaanga mwenyewe. Karani aliandika maneno matatu tu kuhusu tabia yake, niliyasoma kwenye karatasi zenyewe: mtu wa kusikiliza. Basi. Na katika wote waliomwigiza, hakuna aliyesikiliza kitu.

Wa kwanza tulimwita Mnara, kwa urefu. Alikuwa akisimama katikati ya jukwaa na kutazama juu ya vichwa vya watu, wakasema ana macho ya kuona yaliyofichika. Alikuwa anatazama saa ya ukutani kule nyuma ya ukumbi, ajue amebakiza dakika ngapi akavute sigara.

Wa pili alikuwa Spika. Huyo sauti yake ilitikisa vikombe kwenye chumba changu cha nyuma. Kachero wa Spika akimuuliza mjane, "Jana ulikuwa wapi?" ungedhani ananadi sabuni. Mjane wa watu anarudi hatua mbili. Watu wakatoka wanasema, huyu ana mamlaka.

Wa tatu, Kioo. Alikuwa mzuri wa sura, sikatai, na yeye mwenyewe hakuwahi kukataa. Aliniomba nimbane koti kiunoni, nikalibana. Akaomba tena, nikalibana tena. Siku ya siku akainama kumkagua maiti, mshono wa mgongoni ukaachia mbele ya watu mia tatu. Basi akageuka polepole ili upande uliochanika usionekane, akazunguka chumba chote cha tajiri kwa ubavu kama kaa, na maiti hakukaguliwa mpaka mchezo ukaisha. Muuaji alikamatwa hivyo hivyo.

Lakini wote watatu walikuwa na kitu kimoja sawasawa, na kwa kitu hicho ndipo watu walipokuwa wanapandwa na wazimu: mkono wa kulia mfukoni. Kachero akiingia tu, mkono mfukoni, ukumbi mzima makofi kabla hajafungua mdomo. Na hautoki. Kofia anavua kwa kushoto, mlango anafungua kwa kushoto, kalamu kushoto. Magazeti yaliandika kurasa nzima juu ya mkono ule. Bwana mmoja msomi aliandika kwamba mkono wa Kachero Baridi ni ukweli wenyewe, ambao upo karibu nasi lakini hatuuoni. Mwongozaji wetu aliikata habari ile akaibandika ukutani kwenye korido ya kwenda chooni, na kila mwigizaji mpya alisimamishwa pale asome kwanza.

Wa nne ni mkwe wangu.

Amemuoa binti yangu wa mwisho. Kazini wanamwita Maiti, kwa sababu ndiyo kazi yake: pazia likifunguliwa yeye yuko chini kwenye zulia, likifungwa bado yuko chini kwenye zulia. Miaka minane. Hajawahi kupiga chafya, hajawahi kujikuna, na siku moja nzi alimtembelea puani kuanzia swali la kwanza la Spika mpaka la sita, na yeye hakutikisa hata unywele. Jina likatoka naye mpaka mtaani. Fundi viatu anamwambia, "Marehemu, kiatu chako tayari." Anaitikia. Kijana mwenye adabu, ana miaka arobaini na tatu lakini kwangu ni kijana, na kwa miaka yote hiyo sijamsikia akimsema mtu vibaya, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa linanichosha.

Jumapili moja wakaja kwangu wote wawili. Binti yangu akaanza kusema kabla hajavua viatu.

"Mama, wamenunua mdoli."

"Mdoli wa nini?"

"Wa kuwa maiti. Wa mpira. Mchezo mwaka huu unapigwa picha uoneshwe kwenye televisheni, na Mwongozaji anasema kwenye kamera mume wangu ataonekana anapumua."

"Si anapumua kweli?"

"Mama."

"Shikamoo, mama," mkwe wangu akasema kwa nyuma, maana mke wake alikuwa ameziba mlango.

"Marahaba, baba. Pita ukae. Kwa hiyo wamekufukuza hata kwenye kufa?"

Akatabasamu kidogo. Akaeleza taratibu kwamba Mwongozaji amesema wasiokuwa na maneno ya kusema kwenye mchezo hawatahitajika tena. Kwamba Alhamisi kuna majaribio ya kumtafuta Kachero Baridi wa televisheni, kila mtu anaruhusiwa. Spika na Kioo wanajaribu tena, wazee wale, na yeye ameandikisha jina. Akikosa, kaka yake ana duka la vifaa vya ujenzi, amekwishamwambia aje apime misumari.

"Kupima misumari ni kazi pia," nikasema.

"Ni kazi, mama. Lakini mimi nimelala pale miaka minane nikimsikiliza Kachero. Namjua kuliko wanaomwigiza."

Nikamtazama. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akijisifu, na hata hapo alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Umewaona wote watatu, mama," binti yangu akasema. "Mfundishe. Mwambie Mnara alikuwa anafanyaje."

"Alikuwa anatazama saa."

"Mama, tuko kwenye shida, usituletee utani wako."

Nikamwambia mkwe wangu asimame. Akasogeza meza ya chai, akatoka nje, akaingia tena. Mkono wa kulia mfukoni mwa suruali. Aliigiza vizuri, na ndiyo maana ilinichukiza. Alikuwa ameshika kila kitu: shingo ya Mnara, mikogo ya Kioo, mpaka kile kikohozi Spika alichokuwa anakikohoa kabla ya kumtaja muuaji. Ilikuwa kama kuona nguo tatu chafu zimevaliwa kwa pamoja.

"Toa mkono," nikasema.

"Mama, ndiye Kachero huyo. Bila mkono hawatanijua."

"Toa mkono, ukae, nikwambie jambo. Na jambo lenyewe likitoka nje ya chumba hiki nitajua limetoka kwa nani, maana mko wawili tu."

Nikawaambia ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu baba yao.

Koti la kwanza, la Mnara, nililishona mimi, mwaka wangu wa kwanza kazini. Kitambaa kilikuwa cha mkopo kutoka kiwanda kimoja, kipande cha mwisho, na Mnara ni mrefu. Ili kitoshe sikukikunja mara mbili kama inavyotakiwa. Nilikitandaza kimoja, nikapanga vipande kwa kubanabana, kama mtu anayepanga watoto kitanda kimoja. Nikachora mkono wa kwanza kwa chaki, nikakata. Nikahamisha karatasi ya kipimo, nikachora wa pili, nikakata. Sikuigeuza karatasi. Fundi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Nilikuwa nimekata mikono miwili, yote ya kushoto.

Kitambaa kile kina uso na mgongo, huwezi kukipindua. Hakuna kingine. Mchezo ni kesho. Nikaushona ule wa kushoto upande wa kulia, na nikalia nao. Mnara alipovaa, mkono wa kulia ukamvuta nyuma, akawa kama yeye ndiye aliyekamatwa na askari. Kila akijaribu kuunyoosha mbele, koti lote linapanda begani. Akanitazama, nikamtazama. Akaniuliza, "Wataona?" Nikamwambia, "Watu mia tatu." Basi akauchomeka mfukoni, mikunjo ikapotea. "Nitakaa nao hapo," akasema, "na wewe usiseme." Sikusema. Wiki moja baadaye nikasikia kwenye redio anahojiwa, anasema mkono ule aliufikiria miezi mitatu, akijifungia chumbani, bila chakula.

Binti yangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mkwe wangu hakucheka. Alikaa ameshika magoti.

"Kwa hiyo hauna maana yoyote," akasema.

"Maana yake kitambaa kiliisha."

"Na yale ya gazetini? Kwenye korido?"

"Nayapita kila siku nikienda chooni, baba."

Kisha akasimama, akatazama chumba changu: cherehani, kikapu cha vipande, kiti, dirisha. Akaniuliza kama anaweza kutumia zulia. Nikamwambia zulia ni lake. Akalala chini, kama anavyolala kazini, shavu kwenye zulia, akafumbua macho. Akakaa hivyo. Halafu akauliza, polepole, bila kutuangalia, "Kiti hiki kilikuwa wapi asubuhi?"

Kilikuwa karibu na dirisha. Nilikisogeza walipofika. Miguu ya kiti ilikuwa imeacha vidoti vinne kwenye zulia, na vidoti hivyo huvioni ukisimama.

Akainuka kwa magoti, akapitisha mikono yote miwili juu ya zulia, taratibu, kama fundi anayetafuta uzi uliokatika. Akasema maneno ya Kachero kwa mke wake, kana kwamba yeye ndiye mjane, na baada ya kila swali alinyamaza akasubiri jibu, akalisikia, ndipo akauliza lingine. Binti yangu, ambaye alikuwa anacheka dakika tano nyuma, akaanza kujitetea kwa jambo ambalo hakulifanya. Mimi niliacha kushona. Nilikuwa nimemshonea Kachero Baridi koti mara tatu, na sikuwahi kumwona.

"Ndivyo hivyo," nikamwambia.

Akaja Jumatatu, akaja Jumanne, akaja Jumatano. Analala chini kwanza pale alipolala aliyekufa, anaona anachokiona aliyekufa, kisha anainuka. Hakuna aliyemfundisha hilo. Nilikaa naye kwa subira, nikawa mjane, nikawa mpishi, nikawa tajiri mwenye kiburi, na kila mara alinikamata.

Alhamisi nilisimama mlangoni mwa ukumbi, tepu shingoni, kama niko kazini. Mwongozaji alikaa mstari wa mbele, miguu juu ya kiti kingine, skafu shingoni na nje kuna jua la kukausha mihogo. Watu wa televisheni walikuwa wawili, wanatazama simu zao. Mdoli wa mpira ulikuwa umelazwa kwenye zulia, mdomo wazi, umeshangaa kuliko walio hai.

Spika akaanza. Sasa meno yake mawili hayapo, kwa hiyo alinadi sabuni ile ile kwa mluzi. Alipomaliza alibaki ameinamisha kichwa akingoja makofi, na aliyepiga ni mzee wa pazia peke yake, tena nadhani alikuwa anaua mbu. Kioo akafuata. Amejipaka rangi nywele, na jasho likaanza kumteremsha rangi hiyo kwenye paji la uso. Hakumtazama mjane hata mara moja. Alikuwa ameshajua kamera iko wapi, basi kesi yote aliisuluhisha akiongea na kamera. Mkono mfukoni. "Safi," Mwongozaji akasema. "Mkono safi sana."

Ikaja zamu ya mkwe wangu. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la harusi yake. Akatembea mpaka kwenye zulia, akausogeza mdoli pembeni kwa heshima, kama unavyomsogeza mgonjwa, akalala chini.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mwongozaji alicheka mpaka miguu ikateremka kwenye kiti.

"Maiti, baba yangu, mazoea ni kitu kibaya. Leo hatuui mtu."

"Mwacheni amalizie usingizi," Spika akasema.

"Mpeni shuka," akadakia Kioo.

Wale wa televisheni wakaacha simu. Nilimwona mkwe wangu kule chini. Macho yake yalikuwa wazi, alikuwa ameshaanza kutazama, ameshaanza kuona. Nikasema moyoni, wamecheka, wamemaliza, sasa endelea. Dakika moja tu. Uliza kiti kilikuwa wapi.

Akainuka. Akajipangusa vumbi kwenye magoti. Akatazama kule walikoketi, kisha akatazama mlangoni, akaniona. Halafu akauchomeka mkono wa kulia mfukoni.

Kicheko kikakatika. Alivuta shingo kama Mnara. Alitembea kama Kioo. Akakohoa kikohozi cha Spika, na Spika mwenyewe akaketi wima. Mchezo wote ule niliouona sebuleni kwangu Jumapili, kabla sijamwambia kitu, aliucheza tena, safari hii vizuri zaidi. Akamuuliza mjane maswali yote bila kungoja majibu. Alipofika mwisho akamnyooshea muuaji kidole cha kushoto, na Mwongozaji alikuwa amesimama, anafuta macho kwa ile skafu.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye. Mmeona mkono ule? Mkono unaongea."

Ningeweza kusema. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka alipo, na maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini ningesema, ningemrudisha mkwe wangu kwenye misumari, na binti yangu alikuwa amekaa mstari wa tatu ameshika mikono kifuani. Nikarudi chumbani kwangu kupiga pasi.

Nyumbani hatukuliongelea. Binti yangu alifurahi, na furaha yake sikuitia maji. Mume wake alikuja kunisalimia, akakaa pembeni ya kiti, akasema, "Mama, walicheka." Nikamwambia niliwasikia, masikio ninayo. Akasema, "Kama nisingefanya vile, wasingenipa." Nikamwambia na hilo pia ni kweli. Akangoja niongeze kitu. Nikamwongezea chai.

Wiki iliyofuata Mwongozaji akaja chumbani kwangu amebeba koti la Mnara, lile la kwanza. Miaka yote lilikuwa kwenye kabati la kioo pale mlango mkubwa, watu wanalipiga picha. Akalilaza juu ya meza yangu kama mtoto mchanga.

"Bibi, nataka lingine kama hili. Sawasawa kabisa. Usibadilishe hata uzi. Televisheni wanataka lenyewe."

"Sawasawa haiwezekani," nikasema. "Hili nilikosea."

"Ulikosea nini?"

Safari hii nikamwambia. Nikaligeuza ndani nje, nikavishika vidole vyake nikavipitisha kwenye mshono, akaona kiwiko kinakunja kwenda nyuma. Nikamwonesha mkono wa kushoto, nikamwonesha mkono mwingine wa kushoto. Akainamia mshono ule, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani anaona haya.

"Unajua, bibi," akasema, "sanaa ilikutumia. Mkono wako ulijua, wewe ndiye hukujua."

"Mkono wangu ulikuwa na haraka."

"Ndiyo hivyo hivyo. Sasa shona tena. Kosea vile vile."

"Kukosea kwa makusudi sijui, mwanangu. Ningejua, ningekuwa mwongozaji."

Hakusikia. Alikuwa ameshatoka, na nikamsikia kwenye korido anamweleza mtu wa televisheni jinsi mkono wa fundi ulivyojua.

Koti la mkwe wangu nililishona siku nne. Kitambaa safari hii kilikuwa kingi. Nilikikunja mara mbili, uso kwa uso, nikakipiga pasi, nikachora mkono mmoja na kukata miwili kwa pamoja, wa kushoto na wa kulia, kama Mungu alivyowakata watu. Bitana niliishona kwa mkono. Kama anataka kuuficha mkono wake, aufiche mwenyewe. Kitambaa changu hakitamlazimisha.

Akaja kujaribu. Binti yangu alikaa kwenye kikapu cha vipande akitazama. Nikamvalisha kutoka nyuma, nikakung'uta mabega, nikamwambia anyooshe mkono wa kulia. Akaunyoosha mbele kwa uangalifu, kama anayetegemea kuzuiwa. Haukuzuiwa. Akaunyanyua juu. Akauzungusha. Akaupeleka mpaka karibu na dari, vidole vimefunguka, na koti halikupanda hata nusu inchi. Alikaa hivyo, anautazama mkono wake mwenyewe kule juu.

Kisha akaushusha, na bila mimi kumwambia, ukaenda mfukoni.

"Limekaa vizuri, mama," akasema.

"Koti limekaa," nikamwambia. "Geuka nione mgongo."